Mama Mkwe, Joto na Mkate Uliochacha

Kila mara mama mkwe wa mwoka mikate mmoja alipokuja kumtembelea, mkate ulichacha. Mwoka mikate huyo, mwenye tanuri nyuma ya nyumba, aliliona jambo hilo mwaka baada ya mwaka akalinyamazia, kwa kuwa mama huyo ndiye aliyemfundisha kukanda. Wateja hawakunyamaza. Walimbandika bibi jina la Bi Hamira, na siku moja mmoja wao aliuliza dirishani, bila hata kupunguza sauti:

"Bi Hamira ameshaondoka, au leo tununue biskuti?"

Mama mkwe alikuwa ameketi nyuma ya pazia. Jioni hiyo alifunga begi lake.

"Mwanangu, mkono wangu una mkosi. Wajukuu nitawasalimu kwa simu. Hapa sirudi tena."

Mwoka mikate alikana, lakini kwa sauti ya mtu anayehofu kwamba anachokikana ni kweli. Alimpenda mama yule, na alimshuku. Hilo ndilo lililomchoma.

Wifi yake, mwalimu wa hisabati, alikuja kumchukua mama yake. Alipoelezwa, aliliweka begi chini akaomba maharagwe.

"Tunapika tena?" mama mkwe aliuliza.

"Tunapima, mama."

Alipangusa meza ya kukandia. Kadiri siku ilivyokuwa na joto, ndivyo haragwe lilivyosogezwa kulia. Kadiri mkate ulivyochacha, ndivyo lilivyopandishwa juu. Kila siku waliyoikumbuka ilipata haragwe lake. Siku za baridi zilijikusanya chini pembeni, na za joto zikapanda kama ngazi.

"Huu ndio uwiano," wifi alisema. "Joto na uchachu vinapanda pamoja."

"Na mimi je?"

"Wewe huja shule zikifungwa. Hufungwa lini?"

"Wakati wa joto," mwoka mikate alijibu polepole.

"Basi mama na uchachu ni abiria wawili wa gari moja, hawajuani hata kwa salamu. Ila na joto lenyewe laweza kuwa abiria tu. Hapa hatuna siku hata moja ya joto ambayo mama hayupo. Twende kwangu, mama. Nawe wifi, oka kama kawaida yako."

Kawaida yake, aliyoirithi kwa mama mkwe, ilikuwa kuuacha unga uumuke hadi amalize kufua nguo za nyumba nzima. Kesho yake jua liliwaka kwelikweli. Aliporudi kutoka kwenye kamba ya nguo, unga ulikuwa umefura ukaporomoka, ukinuka kama pombe. Akauoka hivyo hivyo. Pengine hakuna mwoka mikate aliyewahi kuufurahia mkate mbovu kiasi kile: aliufunga kwa kitambaa ungali wa moto, akaenda nao mbio kwa wifi yake, unga ukiwa bado puani.

Leo kila mmoja wao ana namna yake ya kukisimulia kisa hiki, lakini kuhusu ladha ile hawabishani.

Mama mkwe alimega, akatafuna, akakunja uso.

"Mbovu! Mbovu kabisa! Na mimi sikuwepo!"

"Hukuwepo, mama."

Bibi alicheka hadi akashika ukuta. Alipopata pumzi, alimtazama mkwewe kwa macho yenye machozi.

"Kumbe unga ulikuwa unatungoja tumalize kufua. Lete begi langu, turudi. Nguo nitafua mimi. Wewe kaa uutazame unga wako."