Waliofika kwa Jina Langu

Nilipoanza kuuza mikeka ya wanawake wa kisiwa cha Songo Mnara nilikuwa na chumba cha kupanga Kilwa Masoko, simu, na kompyuta ya mtumba. Wateja wangu wengi walikuwa wageni waliowahi kupita huku wakarudi kwao. Ili wasinisahau, kila mwezi niliwatumia jarida fupi kwa barua pepe: mikeka mipya, bei, na habari za msusi mmoja. Walichopenda zaidi ni hizo habari. Nikiandika juu ya mama anayechemsha rangi huku akigombana na kuku wake, oda zinaingia siku hiyohiyo.

Basi mwezi mmoja nikamwandika shangazi yangu, dada yake baba, aliyenifundisha kusuka ukili. Nikasema ni mjane, hatumii sukari, anaishi peke yake katika nyumba ya mwisho karibu na mikoko, mbali na wenzake. Nikaweka picha yake akisuka kitandani. Nyuma yake, kwenye rafu, lilionekana bakuli la kale lenye michoro ya buluu, alilorithi kwa bibi yake.

Majibu yakaja mengi. Moja tu halikugusia mkeka. Mwandishi wake alikuwa na Kiswahili safi, akaniombea na baraka. Aliomba picha kubwa zaidi, nikamtumia. Juma lililofuata akauliza kama bakuli lile lina wenzake. Nikamwambia yapo mawili, sandukuni chini ya kitanda. Kisha akauliza shangazi hutembelewa na nani. Hapo nilisita. Lakini nilimwona kama mteja, na mteja hajibiwi kwa ukali, nikaandika kwamba yeyote anayetoka kwangu hupokelewa.

Hakuniandikia tena. Ila kila nilipotuma jarida, orodha ya waliolifungua ilinionyesha kwamba yeye amelifungua mara tano, mara sita. Nilijiambia huyo ni msomaji mzuri. Hata hivyo nikaanza kuogopa kuitazama ile orodha.

Asubuhi moja shangazi akanipigia.

"Wageni wako wamefika," akasema.

Nikamwuliza wageni gani. Akashusha sauti. Ni wanaume wawili, alisema, wako barazani, wameamkia vizuri. Alipotaka kwenda kuwaombea sukari, mmoja akamwambia asihangaike, wanajua haitumii.

"Sijatuma mtu, shangazi. Toka humo, nenda kwa watu."

Nikasikia sauti ya mwanamume ikimwuliza kwa upole anaongea na nani. Simu ikakatika.

Nilikodi boti ya injini. Kila mtandao uliposhika nilipiga, haikupokelewa. Katikati ya safari nikafungua barua nilizomwandikia yule mtu, nikazisoma kwa mfuatano. Nilikuwa nimemwelekeza hadi chini ya kitanda.

Mlango niliukuta wazi. Shangazi alikuwa amekaa kitandani, mzima, mikono mapajani. Rafu ilikuwa tupu na sanduku limevutwa katikati ya chumba. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu sikujua kingine cha kusema. Akaitikia marahaba bila kunitazama.

Nikamwuliza walimfanya nini.

"Hawakunigusa," akasema. "Walisimama mlangoni tu, wakaniambia hata nikipiga kelele hakuna jirani wa kunisikia. Nikawafungia vyombo mwenyewe, kwa kanga yangu."

Hakuniuliza walijuaje.

Tulitoa taarifa polisi. Nilipojaribu kumwandikia yule mtu, barua ilirudi: anwani haipo. Nikawaeleza wasusi yaliyotokea, maana ilikuwa haki yao. Wawili wakaniomba nifute picha zao. Nilifuta zote, ingawa kilichokwisha kutumwa hakirudi. Vyombo havijaonekana mpaka leo.

Jarida bado ninalitoa, kwa kuwa mikeka haijiuzi. Siku hizi ninapiga picha ya mkeka ukutani, basi. Oda zimepungua.

Shangazi amekataa kuhama. Lakini katika kijiji ambacho milango hushinda wazi, wake hushinda umefungwa kwa komeo. Nikipiga hodi, haitikii karibu. Anauliza ni nani. Nikisema ni mimi, haimtoshi, hata kama sauti anaijua.

"Niambie neno ambalo hujapata kuliandika," anasema kutoka ndani.

Nami nasimama pale juani, nikilitafuta.