Vitambaa vya Shemeji na Sare ya Mwanangu

Mtunza ukurasa na wasomaji wenzangu, hamjambo na nyumba zenu? Sisi huku Gare milimani tu wazima kwa neema ya Bwana, ila moyo wangu haujatulia. Naomba jina langu mlifiche.

Mimi ni baba wa miaka arobaini na saba, nimesoma hadi darasa la nne. Napima vitambaa vya mabaka vya sare za jeshi vinavyotoka kiwandani kule chini. Navitundika kwenye majani na kuvipiga picha kwa filamu inayoona mwanga ambao jicho halioni. Pichani majani hutoka meupe, na kitambaa kizuri hufanana nayo. Chenye rangi mbaya hutoka cheusi kama mkaa, na adui mwenye darubini ya namna hiyo anamwona askari hata akijificha kichakani.

Mpimaji anatakiwa akate kipande mwenyewe, katikati ya jora. Lakini mtia rangi ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, naye huniletea vipande vilivyokwisha katwa. "Uteremke mpaka huko na magoti hayo, shemeji? Pumzika." Nikaona ni heshima. Picha zikatoka safi, nami nikasaini kwamba nimekata mwenyewe. Hilo ndilo kosa langu, nimelitubu mbele za Mungu.

Mwezi uliopita niliteremka Mazinde kwenye msiba, nikapitia ghala la kiwanda na kukata kipande katikati ya jora bila kumwambia mtu. Nilipokipiga picha kikatoka cheusi tii. Nikarudia mara tatu, vilevile.

Nilipomuuliza shemeji kwa kuzungukazunguka alicheka, akasema pengine filamu yangu imeoza. Kisha akanitazama. "Kama huniamini, kamwambie dada yangu." Tangu hapo amekuja mara mbili na sukari, na dukani sukari hakuna. Mke wangu anamsifu. Mimi chai yangu nainywa bila sukari.

Juzi ikaja barua ya mwanetu aliye jeshini mpakani. Mama yake akanisomea kwa furaha: wamepewa sare mpya, za kiwanda cha mjomba. Nilitoka nje nikajifanya natafuta jembe.

Nikiripoti, shemeji anafungwa, labda na mimi, na mke wangu anampoteza mdogo wake. Nikinyamaza, mwanangu amevaa saini yangu. Jumatatu vipande vingine vinakuja. Nishaurini, nifanye nini? Tafadhali nijibuni upesi.