Sanduku la Tatu Lilikuwa Zito

Mnaotaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi, mchana kweupe, Temeke, enzi za Mwingereza, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la tembo la mnazi.

Kazi yangu ilikuwa useremala. Rafiki yangu Athumani alikuwa na pembea ya sikukuu: gurudumu kubwa la mbao, lenye masanduku manne ya kukalia watoto, tukilizungusha kwa mikono. Lilikuwa zee. Kila Idi ikikaribia nilibadilisha mbao zilizooza, nikang'oa misumari iliyoliwa na kutu, nikapaka grisi. Sheria yetu ilikuwa moja: huzungushi kabla hujaita "Tayari?" ukaitikiwa, wala mtoto hashuki kabla hujamwambia "Shuka." Bila hivyo vidole vya watu vingekwisha.

Idi ndogo ya mwaka ule binti yangu Sauda, wa miaka sita, alikuja na gauni lake jipya akitaka kupanda. Sanduku la tatu lilikuwa limelegea chuma chake. Nikamwambia, "Kaa pale, mama. Nikimaliza nitakuita." Nilimaliza, watoto wa watu wakanizonga, nikasahau. Mie, baba mtu, nikasahau! Magharibi nilimkuta amelala kando ya ukuta, kiatu kimoja mguuni. Nikambeba begani. "Idi kubwa utapanda wa kwanza," nikamwambia.

Idi kubwa haikumkuta. Homa ilimchukua kwa siku tatu tu.

Basi, siku moja kabla ya hiyo Idi kubwa, baada ya adhuhuri, nilikuwa peke yangu uwanjani nikiijaribu pembea. Athumani alikwenda kununua kamba. Nikashika gurudumu, na kwa mazoea tu nikaita, "Tayari?"

"Tayari, baba."

Niaminini. Nilichungulia masanduku yote manne, hamna mtu. Lakini pembea tupu niliyoisawazisha mwenyewe husimama popote unapoiacha, na sasa sanduku la tatu lilikuwa limeshuka chini kabisa, limetulia. Nikalinyanyua kidogo. Nyie mmewahi kumbeba mwanenu aliyelala? Uzito ule mzazi atausahau vipi? Alikuwa yeye.

Ningekimbia? Nimkimbie mwanangu? Nikazungusha. Kila duru nikasikia, "Tena, baba," nami nalia, nazungusha. Viganja vilichubuka, damu ikapaka mbao, sikujali. Mpaka adhana ya alasiri mikono ikakataa. Nilikusudia kupumua tu. Sanduku likafika chini, likasimama, na mdomo wangu huu, uliozoea maneno yale miaka kumi, ukasema wenyewe:

"Haya shuka, zamu ya mwingine."

Sanduku likawa jepesi. Likapanda kidogo, likabaki linaning'inia. Niliita "Tayari?" mpaka sauti ikakauka. Athumani aliporudi alinishika mabega. "Bwana wee, unamwita nani? Hamna mtu humo."

Nyumbani nilimwambia mke wangu. Hakubisha hata kidogo. Aliuliza tu, "Alisemaje?"

Nikamwambia alikuwa akisema tena.

"Na wewe ukamwambiaje?"

Swali hilo sikumjibu mpaka mke wangu naye tukamzika. Pembea sikuigusa tena, na Athumani aliipasua ikawa kuni. Siku za Idi nakaa ndani, mlango nimeufunga, kwa sababu huko nje watoto wanaambiwa shuka kila saa, na mimi siwezi kulisikia neno hilo.

Kwa hiyo nakuonya wewe mwenye watoto. Usimwambie mtoto "nitakuita" halafu ukaendelea na shughuli zako. Yeye anangoja. Wallahi, hata huko aliko anangoja, na siku utakayoita bila kukusudia, ataitika. Akiitika, uchunge ulimi wako.