Jina Alilopewa Mjukuu wa Dorotea

Dorotea ni Mhaya wa Muleba, na Mhaya atakuuliza ukoo wako kabla hajakukaribisha kiti, maana hata salamu hutaja ukoo. Sasa huyu akaja kuolewa hapa Toronto na Wendell, mtu mweusi wa Nova Scotia, mashariki mwa Kanada, asiyejua ukoo wake. Sisi tuliokuwa tukifunga naye mizigo ghalani kule Malton tulimcheka mpaka basi.

"Shoga, utamsalimiaje mumeo? Ukoo hana!"

"Anao," akatujibu. "Nyie fungeni maboksi."

Wendell alikuwa na jina moja tu la wahenga wake, Josiah. Bibi yake alimwachia hilo bila maelezo zaidi ya kwamba ndiye mkubwa wao wa kwanza, huko Carolina, Marekani ilipokuwa bado ya Mwingereza.

Juzijuzi figo za Wendell zikakataa kazi. Yuko kitandani, binti yao Nuria akajifungua mvulana. Nuria alitaka jina la kisasa, sijui Jayden. Dorotea akaja juu.

"Baba yako anakufa hajui kwao! Kwetu mjukuu hubeba jina la babu, babu asipotee. Mpe jina la mkubwa wao."

"Okay, Mama. Okay."

Mtoto akabatizwa Josiah. Wendell alimpakata kanisani, hakutaka kumpa mtu.

Wangeachia hapo. Lakini Wendell alitaka kumjua huyo Josiah kabla hajafa, Nuria akamtafuta mtafiti wa nasaba. Majibu yalikuja kwa simu ya Nuria, Dorotea akayasikia amesimama jikoni kwake, Downsview, na mwiko mkononi. Josiah alikuwa Mzungu mwenye mashamba ya mpunga na watumwa. Alimzalisha mmoja wao, msichana aliyeitwa Dinah. Mtoto alipoweza kubeba ndoo, Josiah akamuuza, damu yake mwenyewe, kama anauza mbuzi. Huyo mtoto ndiye aliyekuja kukimbilia jeshi la Mwingereza lililowaahidi watumwa uhuru, akafika Nova Scotia.

"Usimwambie Dad. Please, Mama."

"Anauliza kila asubuhi."

"Sema bado wanatafuta!"

"Nimzike na uongo wangu? Siwezi."

Akamwambia. Wendell, mtoto kalala ubavuni pake, akamuuliza swali moja.

"Kwa hesabu yenu nyie Wahaya, mimi ni wa ukoo wa huyo aliyeuza?"

Kwetu ukoo ni wa baba. Hilo ndilo Dorotea alilomfundisha mumewe miaka yote ya ndoa.

"Mtoeni mtoto kitandani kwangu," akasema Wendell.

Dorotea alipokwenda kuomba jina libadilishwe, padri alisema ubatizo haufutiki. Nuria akasema hata serikalini habadilishi, mtoto ameshaanza kugeuka akiitwa. Wendell alikufa Februari, hakumshika tena.

Msibani, Nicolaus, mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Toronto, alishika karatasi ya wasifu wa marehemu.

"Mama Nuria, kwenye ukoo niseme nini?"

"Sema mtoto wa Dinah."

"Huyo si mwanamke? Ukoo wa mwanamke unausikia wapi?"

"Basi sema wa Josiah, uone kama hutatoka na karatasi hiyo mdomoni."

"Sasa nisome nini, mama?"

"Ruka."

Akaruka. Akasoma alipofanya kazi, alivyougua, akamaliza, tukaenda makaburini kwenye ardhi ngumu kama saruji. Mtoto alilia njia nzima. Nuria, machozi na makamasi, akamnyooshea mama yake ampokee. Dorotea akaficha mikono ndani ya koti.