Plagi Chini ya Khanga

Mwanangu, hata leo umeme ukikatika, siku ile hunirudia yote. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani kwangu, Kilakala, nimeficha plagi ya kompresa, ile mashine ya kujaza upepo, chini ya khanga, na mama mkwe wangu ananiita jikoni. Sikuinuka. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kumkatalia mama yule neno, na moyo ulinidunda kama wa mwizi.

Ngoja nianzie mwanzo, maana mimi nikianza na hofu husahau mengine.

Mimi na marehemu mume wangu, Baba Neema, tulikutana kwenye kiwanda cha nguo, na kiwandani huko huko tukapunguzwa kazi pamoja. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Maduka yaliyozoea kutujibu "hakuna" yakajaa kila kitu, ila sasa sisi wanunuzi ndio hatukuwa na kitu. Kiinua mgongo chetu tulikinunulia kompresa ya mtumba, tukaiweka uani chini ya bati. Magari yalikuwa yameanza kuongezeka mjini, na palipo na gari tairi haliishi kupungua upepo. Tukajaza upepo, tukapiga rangi baiskeli na milango ya chuma, watoto wakala, wakaenda shule. Kompresa ile ndiyo iliyokuwa shamba letu.

Ilikuwa na kelele, kompresa hiyo. Siku za mgao wa umeme Baba Neema hakuizima wala hakuichomoa. Aliiacha vile vile kwa makusudi, ili umeme ukirudi ingurume yenyewe na sote tujue. Majirani nao wakazoea. Wakisikia ngurumo kwetu, wanakwenda kuwasha majiko na redio zao. Desturi ikageuka sifa, na mume wangu alipenda sifa, Mungu amrehemu.

Sasa, mashine ile inaendeshwa na mkanda. Mota inazungusha puli ndogo, mkanda unavuta gurudumu kubwa, na gurudumu ndilo linalosukuma upepo kwenye tangi. Mkanda wetu ulikuwa umechoka. Upande wa ndani ulipasukapasuka kama kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi, na kila mota ikiwaka ulipiga yowe kwanza ndipo ukashika. Nilisema. Baba Neema akanijibu kwamba bado una maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wetu tuliujenga siku ambayo hatukuwa hata na muda wa kuchanganya udongo.

Siku hiyo mama mkwe alishuka kutoka Mgeta, huko juu milimani, kwa pikapu iliyojaa mboga. Katika mzigo ule zilikuwamo njegere na karoti zake mwenyewe, jasho la msimu mzima, na zilitakiwa zifike sokoni Dar es Salaam kabla hazijanyauka. Njiani tairi likapata msumari, na dereva hakuwa na la akiba. Wakajikokota mpaka kwetu. Mume wangu akaziba pancha, akawasha kompresa, na tairi halijafika hata nusu, mkanda ukakatika. Alipotoka mbio kwenda dukani kutafuta mwingine, umeme nao ukaondoka mtaa mzima.

Alirudi na mkanda mpya, akasema tutaufunga sasa hivi, ili umeme ukirudi upepo uwe tayari. Neno lake lilikuwa la busara. Lakini mashine ilikuwa bado imechomekwa ukutani, na swichi imewashwa, kama desturi yetu.

Mwanangu, kiwandani niliwahi kuona mkono wa mtu ukiufuata mkanda. Sitakusimulia, maana nataka ule chakula chako kwa amani. Tangu siku hiyo mkanda usipozunguka ndipo ninapouogopa zaidi, kwa kuwa ndipo watu wanapoushika. Nikamsogelea mume wangu nikamwambia kwa sauti ndogo, "Baba Neema, tuchomoe kwanza."

Akacheka. "Umeme wenyewe haupo. Plagi itaniuma kwa meno gani?"

Dereva naye akacheka. Mama mkwe hakucheka, ila alinitupia jicho ambalo kila mke kijana analijua, jicho la kusema mume harekebishwi mbele ya wageni. Kwa mwoga huenda kicheko, nikajiambia, wala sikuimalizia methali.

Nilipita karibu na ukuta kana kwamba naokota kitu, nikaichomoa. Kisha nikaingia ndani kutafuta majani ya chai. Niliporudi uani nikakuta plagi iko ukutani, imesimama imara, na Baba Neema ameshafungua kava na mikono yake imo ndani. Dereva ndiye aliyeirudisha. Akaniambia kwa upole kwamba ameikuta imechomoka, akaichomeka ili tujue umeme ukirudi, kama Baba Neema alivyomsimulia. Hakuwa na ubaya wowote. Alitusaidia kama ambavyo jirani yeyote wa mtaa ule angetusaidia.

Alipogeuka kwenda kutazama mzigo wake, niliichomoa tena, nikavuta kigoda, nikakaa, nikaifunika kwa khanga. Nikaapa moyoni kwamba sitatoka pale. Waya ulikuwa mfupi, kuondoka nayo haiwezekani, na nikiiacha tu, mtu mwema mwingine ataichomeka kwa wema wake.

Baba Neema akalegeza nati za mota, akaisogeza. Akapitisha mkanda kwenye puli ndogo, kisha akaanza kuupandisha kwenye gurudumu kubwa huku analizungusha kwa mkono, kidogo kidogo. Mkanda mpya huwa mgumu na haukubali upesi. Hapo ndipo vidole huingia kati ya mkanda na chuma, na hapo ndipo mama mkwe alipoanza kuniita. Maji yamechemka. Nikaitika bila kuinuka. Akaita tena. Nikaitika tena, na plagi imelowa jasho la kiganja changu.

Mwishowe akatoka mwenyewe, akasimama mbele yangu.

"Mama Neema, mimi hapa kwako ni mgeni au ni kuni za kuachwa jikoni?"

"Nisamehe, mama. Siwezi kuinuka."

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

Akasema polepole kwamba kumbe mjini ndiko wanakofundishwa kiburi. Yalinichoma maneno yale. Ningeweza kumwonyesha nilichoshika, lakini niliona aibu, niliogopa wataniambia nimrudishie mume wangu plagi yake niache uchuro. Nikainamisha kichwa tu, mama wa watu amesimama juu yangu na chai yake haijapikwa.

Ndipo redio ya jirani ilipolia. Watoto wakashangilia mtaa mzima, na taa ya uani ikawaka juu ya vichwa vyetu.

Kompresa ilikaa kimya. Baba Neema alikuwa amechuchumaa, vidole vyake viko chini ya mkanda, kwenye mdomo wa gurudumu, na hakuvitoa. Nadhani hakuweza. Aliitazama taa, akaitazama mota, akaufuata waya kwa macho mpaka ukaishia kwenye khanga yangu. Nikaitoa plagi nikaiweka mapajani aione. Ng'ambo ya ukuta jirani akauliza kama kwetu umeme haujarudi, mbona hasikii ngurumo.

Mama mkwe aliangalia vidole vya mwanawe, kisha akaniangalia mimi.

"Kaa hapo hapo, mwanangu," akasema. "Chai nitapika mwenyewe."

Tairi lilijaa, gari likaondoka, na njegere zikafika salama. Lakini jioni, tukiwa wawili jikoni, mama yule alinikemea, na kemeo lake ndilo ninalokurithisha. Aliniambia: "Umefanya vizuri kuishika. Ila umeificha kwa nini? Mimi nilikaribia kukushika mkono nikuinue kwa nguvu, na mtu angeichomeka tena. Ningemkata mwanangu vidole kwa ajili ya kikombe cha chai, na wewe ungeniachia kwa heshima. Heshima gani hiyo?"

Baba Neema hakuomba radhi kwa maneno. Wanaume wa enzi zetu walikuwa na uzito wa ulimi. Lakini tangu siku ile, kila alipotaka kufungua mashine yoyote, aliichomoa mwenyewe, akaniita popote nilipo: "Mama Neema, njoo ushike." Wateja walitucheka. Nikaacha mboga jikoni, nikaja, nikashika, mpaka tukazeeka.

Na siku tulipomvika nguo za safari yake ya mwisho, niliishika mikono ile. Ilikuwa mikavu, imejaa makovu ya spana na rangi isiyotoka, na ilikuwa kamili.

Basi sikia, mwanangu. Mkanda ukianza kulia, usingoje ukatike. Ukitaka kuugusa, chomoa plagi kwanza, hata kama nchi nzima iko gizani, maana umeme haubishi hodi. Na ukimwogopea mtu wako, sema kwa sauti, sema mbele ya wageni, sema mbele ya mama mkwe. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, wacha wakucheke. Ukiambiwa wewe kwamba unaogopewa, usicheke, mpe mwenzio ashike plagi.

Mungu ailinde mikono yako na mikono ya umpendaye, akupe wa kukushikia plagi, na siku ya mwisho mtu aishike mikono hiyo aikute kamili.