Kiti Nilichomtengenezea Mama Mkwe

Mwanangu, mimi hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza tena. Nimeona pikipiki imepanda mtumbwi, na nimeona mtumbwi umefungwa juu ya pikipiki. Nimeona lori limezama kwenye matope ya barabara ya Banalia mpaka watu wanaanika nguo juu ya paa lake. Kwa hiyo ukija kwangu unasukuma pikipiki yako, unaniambia unataka kiti cha safari ndefu, kiti ambacho mtu mwingine hapa Kisangani hana, sishangai. Nachoka tu. Nakuangalia, nasema moyoni: huyu naye. Kisha nakuambia kaa kwanza, maana kisu changu hakikati sponji ya mtu kabla masikio yake hayajasikia.

Unanijua. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na sikuiaga. Nilianza na toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, napiga pedali mtaa wote wa Makiso jua likiwa kali mpaka lami inanata. Hakuna mjomba aliyenisaidia. Toleka ikazaa pikipiki, pikipiki ikazaa nyumba ya matofali, na leo waendeshaji wa kuanzia hapa mpaka Buta wanakalia kazi ya mikono hii. Watu wanasema najisifu. Bon, nisipojisifu mimi, nani ana nafasi ya kunisifu? Lakini siku hizi hata kujisifu kunanichosha, maana iko siku moja ambayo nikifumba macho inakuja yenyewe, na ikija sifa zote zinanyamaza.

Wakati huo ndoa yangu ilikuwa changa. Mke wangu Mado alikuwa mjamzito, mimba yetu ya kwanza, na tumbo lilikuwa limeshuka. Alikuwa anaogopa. Mchana anafua, anapika, anacheka na majirani, lakini ukimkuta peke yake ameshika ukingo wa mlango, macho yako mbali. Alichoomba ni kimoja: mama yake, aliyekuwa akikaa Banalia, aje amshike mkono siku ile ikifika.

Sasa sikiliza ugumu ulikuwa wapi. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, magari hayapiti, pikipiki tu ndizo zilizokuwa zikipenya. Na kwetu mama mkwe, bokilo kama tunavyosema kwa Lingala, hagusani na mume wa mtoto wake. Humpi mkono, hamkai kiti kimoja, ukimwona njiani unampisha. Na pikipiki wewe mwenyewe unaijua. Kwenye matope anayekaa nyuma lazima akushike kiuno, la sivyo mtamwokota. Kwa hiyo watu wenye akili walikuwa na njia yao ya kimya: unamlipa mwendeshaji mwingine ambebe mama, wewe unatangulia na mizigo, hakuna anayesema neno.

Mado aliniambia hivyo hivyo. "Tuma mwenzako amubebe. Weye na mama yangu juu ya pikipiki moja, haiko."

Nikamjibu kwamba mwenzangu atambeba kama gunia la mpunga, na mfupa wa mama utafika Kisangani umevunjika. Nikasema mimi nitatengeneza kiti. Viti viwili juu ya pikipiki moja, ukuta katikati, hata upepo wetu hautagusana.

Mado akaniangalia. "Fanya basi upesi. Mimi sitaki kiti. Minataka mama."

Mwanangu, kiti kile. Hata leo nikikikumbuka mikono inawasha. Nitakupa siri zake bure, wengine wananilipa. Sponji laini peke yake ni uongo: ukikaa inakupokea kama godoro, lakini hujafika mbali imelala, mfupa wako unagonga bati. Chini weka sponji ngumu, ya kiti cha lori la zamani, halafu juu yake laini, unene wa vidole viwili. Pale mfupa wa mkia unapotua, chimba shimo dogo, usiwe na kitu cha kugusa. Kwa dereva, nyanyua mbele kidogo, kwa sababu ukifunga breki bila hiyo unateleza mpaka kwenye tanki, na mwanaume haambiwi mara mbili utamu wa jambo hilo. Tandika nailoni kabla ya ngozi. Na mshono usiuweke juu hata siku moja, uweke ubavuni, maana tundu la sindano ndilo mlango wa mvua. Ukimaliza usishangilie. Panda, nenda mbali, rudi, upunguze kwa wembe pale panapouma, uende tena.

Kiti cha mama nilikipa upana wa kukaa ubavu, kama wanawake wetu wanavyokaa na kitenge chao, miguu yote upande mmoja, na chini nikachomelea ubao wa kukanyagia. Nikakipa egemeo na mikono miwili niliyoing'oa kwenye kiti cha sebuleni. Katikati yetu ukuta wa sponji, unafika kifuani. Ngozi nyekundu. Kazi ilikuwa imekwisha, ningeweza kuondoka. Lakini nikaona mishono inataka uzi mweupe. Kisha nikaona uzi mweupe unataka vifungo. Mado akipita anatazama vifungo, kisha anatazama tumbo lake.

Nilipoona kimekamilika sikushika barabara ya Banalia. Nilikwenda kwanza Makiso, penye kituo cha waendeshaji, ili kiti kionekane.

Kikaonekana. Walikizunguka kama wanamzunguka mgeni wa serikali. Mmoja akauliza kama hiki ni kiti ao ni sebule. Mwingine akataka kujua askofu atasafiri lini. Nikawaambia askofu ni mama mkwe wangu. Basi wakauliza kwa nini upana wote huo. Na mimi, kwa kuwa wote walikuwa wananiangalia, kwa kuwa jua lilikuwa zuri juu ya ngozi nyekundu, nikafungua mikono yangu miwili, hivi, nikasema, "Bokilo yangu haiko mutu mudogo. Nimepima hivi, na bado nikaongeza."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Kati yao alikuwepo mwuza samaki wa kukaushwa kwa moshi, mizigo yake imeshafungwa, anaondoka saa ile ile kwenda Banalia. Sikumtazama mara mbili. Wazee wa Kiswahili wamesema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kilikuwa kizima kabisa.

Kesho yake nikaondoka. Njia nzima kiti kilinibeba vizuri, sitasema uongo: nilishuka Banalia mgongo umenyooka, waendeshaji wengine waliofika wanatembea wameinama kama wanatafuta sindano. Nikaingia uani kwa wakwe zangu, nikaiegesha pikipiki katikati, upande mzuri ukitazama mlango.

Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini. Kifurushi chake kilikuwa kimeshafungwa, kitenge cha safari kiko begani. Donc, alikuwa tayari kwenda kwa mwanawe. Akasimama. Akakitazama kile kiti mara moja tu. Kisha akainama, akachukua kifurushi, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mimi nikadhani anaogopa barabara. Nikaanza kumweleza baba mkwe, Papa Anselme, mzee wa kukamua mawese, mtu wa maneno machache: sponji ngumu chini, laini juu, shimo la mfupa. Nilisema sana. Yeye akasikiliza. Akakibonyeza kiti kwa kiganja, akapanda, akakaa mahali pa mke wake. Akaegemea, akalipima egemeo kwa mgongo.

"Kiti iko muzuri, mukwe," akasema. "Tangu nimezaliwa sijakaa pazuri hivi." Akashuka taratibu. "Jana mutu wa samaki alipita hapa. Alisimama sokoni, akafungua mikono yake mbele ya wanawake wote, akasema mukwe wa Kisangani amepima mama yetu hivi. Mama alikuwa pale. Alikuwa ananunua chumvi ya kupelekea mutoto wake Kisangani."

Nikajikuta ninafuta matope kwenye ngozi nyekundu kwa mkono wa shati.

"Umeshona hii kiti na uzi," akasema. "Lakini umeishona na maneno pia. Alors, unataka mama akae namna gani juu ya maneno yako?"

Nikaomba. Nikasema nitang'oa ukuta, nitang'oa vifungo, nitatafuta mwendeshaji mwingine sasa hivi, mimi nitabaki nyuma, lakini mama aende, kwa sababu siku za Mado zimefika. Papa Anselme akanijibu bila kupaza sauti. "Mado ni mutoto yangu. Unafikiri mimi sina haraka? Lakini mama akipita soko leo juu ya pikipiki, nyuma yako ao mbele yako, watafungua mikono tena. Mudomo isafishwe kwanza."

Ndiyo desturi. Aliyemwaibisha bokilo anatoa mbuzi na kitenge, lakini havileti yeye: mtu wa tatu ndiye anayevipeleka na kusema maneno, mbele ya ndugu za mama. Na kaka mkubwa wa mama alikuwa ng'ambo ya mto Aruwimi, akivua samaki. Ikabidi aitwe, ikabidi angojewe. Mbuzi nilimpata, mfupi, mwenye bei ya ng'ombe, maana mwenye mbuzi alishajua kwa nini ninamtaka. Siku ile ikapita. Ya pili nayo ikaenda mpaka jioni ndipo kaka akafika, akala, akamsikiliza mjumbe wangu, akanawa mikono, akasema imekwisha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigogo nyuma ya jiko, kwa sababu sikuweza kukikalia kiti changu.

Asubuhi mama mkwe akatoka na kifurushi, akapanda pikipiki ya kukodi. Kiti cha pikipiki ile kilikuwa kimeliwa mpaka sponji imetoka kama ugali unaochemka. Akakaa ubavu, akamshika kijana wa watu kiuno, wakaondoka. Mimi nikafuata. Nyuma yangu kile kiti cheupe kwa chekundu, kitupu, mikono yake miwili imefunguka.

Sitaki kukuhadithia njia ile yote. Kila waliposimama alishuka akajishika kiuno, akatembea kidogo, akapanda tena, bila kulalamika na bila kugeuka. Kila mara nilitaka kusema, mama, panda hapa. Na kila mara nilijua siwezi. Nimebeba mafuta, mchele, hata jeneza nimebeba kwenye barabara ile. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule utupu.

Tulipofika nyumbani, jirani alikuwa anakamua nepi uani. Mado alikuwa ameshajifungua, jana yake asubuhi. Mtoto wa kike, mzima. Jirani akanivuta pembeni, akaniambia taratibu kwamba ilikuwa ndefu, usiku kucha, na kwamba alimwita mama yake mpaka sauti ikakatika, akaendelea kumwita kwa midomo tu. Mama mkwe alisikia. Akaweka kifurushi chini, akanawa mikono, akaingia. Nikasikia ndani wanalia wote wawili, kisha wa tatu naye akalia, yule mdogo.

Niliporuhusiwa kuingia, Mado hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Alisema tu, "Ulikwenda kuleta mama, ao ulikwenda kuleta kiti?" Tangu siku ile hajarudia swali hilo. Tumezaa wengine, tumejenga, tumezeeka kidogo, na kila alipojifungua mama yake alikuwepo, amekuja mapema, juu ya pikipiki ya mtu mwingine. Lakini ule usiku wa kwanza hauna fundi wa kuutengeneza. Wanasema mavi ya kale hayanuki. Waliosema hivyo labda hawakukaa nyumba moja na mimi.

Na hili ndilo linalonichosha zaidi, mwanangu: kiti kile ndicho kilichonipa jina. Waliokiona kikipita kitupu kuanzia Banalia walianza kuniuliza bei. Mpaka leo wanauliza.

Basi nasaha yangu hii hapa. Ukitaka kumtendea mtu wema, mtendee kimya, maana wema ukitembezwa sokoni unarudi na jina jingine. Usiupime mwili wa mtu kwa ulimi wako. Ukishona heshima, mshono uwe ndani. Na mtu wako akikuomba kitu kimoja, mpe kile kile, siku ile ile, hata kama njia yako ya kumpa haina vifungo. Mwenye uchungu haombi fundi, anaomba mkono wa kushika.

Haya, leta pikipiki hapa kivulini. Mungu akupe barabara kavu na mgongo usiouma, akupe wakwe wa kukufungulia mlango, na siku mke wako atakapoita, anayeitwa awe ameshafika. Kiti chako nitakutengenezea kwa bei ya haki. Changu, ukihesabu sponji, ngozi, vifungo, mafuta, mbuzi, kitenge na nauli ya yule kijana aliyembeba mama, kilinigharimu faranga elfu mia moja na kumi na nane, na mia tano.