Mkanda Wangu na Nyota ya Mwalimu Yoeli

Mtu mwenye kalamu mfukoni na hanunui kitu, mimi simwamini. Kwa hiyo Mwalimu Yoeli alipoingia dukani kwangu Makambako mwaka 1993, enzi ya ruksa, biashara huria imepamba moto, akanisalimu "kamwene" kwa Kibena kisha akaniomba meza yangu ndefu ya kukatia vitambaa, moyo ulinilipuka pa! Nikajua huyu ni mkaguzi wa vipimo, kaja kwa ujanja.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Mkanda wangu wa kupimia niliukata sentimita tano za mwanzo, nikaushonea ncha upya na kuifunika kwa ngozi. Aliyenunua mita kwangu aliondoka na pungufu. Nani angejua?

Kumbe mwenzangu alikuwa na nyota! Mbena wa Mdandu, mwalimu wa fizikia, aliwahi kusoma Ujerumani, na profesa wake wa zamani alimtumia marobota ya karatasi ndefu zenye nukta.

"Mama Kheri," alinieleza, "huko juu kuna nyota mbili zinazungukana. Moja ni ya nyutroni. Upana wake haufiki hata nusu ya njia ya Njombe, lakini ni nzito kuliko jua. Inamnyang'anya mwenzake gesi na kutoa eksirei. Kila nukta hapa ni eksirei iliyonaswa na mtambo angani. Profesa anashuku nyota hiyo inapiga kama moyo, pigo moja kwa kila mita ya karatasi. Nikikata mita mita na kupanga vipande, nukta zitashuka kwenye mstari mmoja. Ila rula ya shule imevunjika. Niazime mkanda."

Nikamwazima. Ningekataa vipi?

Jumamosi saba alikata, alipanga, na nukta zikabaki zimetawanyika kama ulezi uliomwagika. Alishuku karatasi. Alishuku macho yake. Kushuku kulikuwa tabia yake: hata dada yake Tabea alimshuku, pale mita arobaini za sare za kwaya yao zilipopungua mbili. Alimwita mwizi mbele ya kwaya nzima, na tangu hapo, miaka miwili, Tabea hakukanyaga kanisani. Kitambaa kile Tabea alikinunua kwangu. Aliponisimulia kisa hicho niliinamia cherehani yangu.

Jumamosi ya nane alikuja na barua. "Nimemwandikia profesa kwamba hakuna mapigo. Hizi karatasi nitazichoma. Labda mimi si mtu wa mambo haya."

Mzee mzima, akaanza kuzikusanya karatasi zake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mwalimu, usiipeleke. Mkanda ni mbovu."

"Mbovu vipi?"

"Niliukata mimi."

Hakugomba. Robota moja lilikuwa bado zima. Nilikimbia kwa Halfan seremala nikaleta tepu ya chuma, tukakata upya, mita kamili. Ee Mola! Nukta zilishuka safu moja kutoka juu mpaka chini. Safu yenyewe ilipinda kidogo, kama mkato wa kwapa la gauni.

"Inapinda kwa sababu nyota inamzunguka mwenzake!" alipiga kelele. "Mapigo yanawahi, kisha yanachelewa. Iko hai, Mama Kheri!"

Alicheka, akapiga meza. Halafu akauchukua mkanda wangu, akaulaza kando ya tepu ya Halfan.

"Tano kila mita," akasema polepole. "Kwa mita arobaini..."

"Mbili, Mwalimu. Ni mimi. Tabea hakuchukua kitu."

Aliketi kwenye kigoda cha wateja. Nyota yake hakuitazama tena.

"Nilimpekua mpaka sanduku la nguo," akasema. "Mbele ya watoto wake."

Nilifunga duka mchana kweupe, nikavaa baibui, tukapanda gari la Mdandu. Tulipofika kwa Tabea alisimama nyuma yangu, akashindwa kusogea. Nikapiga hodi mimi, mkanda mkononi.